Utafiti usiotoa dawa: jibu langu kwa mama mwenye mtoto wa FOP

Dada, pole na karibu jukwaani. Narudia swali lako kwa kifupi kwa faida ya wanaoingia sasa: mwanao wa miaka mitano amegundulika ana FOP, na hospitali imeomba umwandikishe kwenye utafiti wa miaka kadhaa ambao hautoi dawa yoyote. Kazi yake ni kufuatilia tu jinsi ugonjwa unavyokwenda. Baba yake hataki kusikia, anasema mwanawe hageuzwi panya wa maabara. Na mdau mmoja hapo juu ameongeza kwamba kumtazama mtoto akikakamaa huku mtu anaandika kwenye karatasi ni ukatili.

Mimi ni baba wa binti mwenye ugonjwa huohuo. Alikuwa kwenye utafiti wa namna hiyo tangu akiwa mdogo mpaka ulipofungwa. Jibu langu ni refu, asiye na muda aruke. Msimamo wangu nautoa mapema: mwandikishe, lakini fomu uisome neno kwa neno, na asitokee mtu wa kumchoma sindano ya msuli kwa kisingizio cha sayansi.

Kwa wasioujua, FOP (kirefu chake fibrodisplasia osifikansi progresiva) ni ugonjwa wa jeni unaofanya misuli, kano na tishu nyingine laini zigeuke mfupa. Ni mfupa halisi, una hata uboho ndani, ila umeota mahali ambapo haukutakiwa kuwepo. Humpata mtu kama mmoja katika kila milioni. Mtoto huzaliwa anaonekana mzima, isipokuwa vidole gumba vya miguu: vifupi, vimepindia kwenye vidole vingine. Vya binti yangu kila mtu aliviona na kila mtu alisema vitanyooka. Halafu, mara nyingi ndani ya miaka kumi ya kwanza, unatokea uvimbe shingoni au mgongoni. Una joto, unauma, ni mgumu, na daktari ambaye hajawahi kuuona ugonjwa huu anawaza saratani. Anaagiza kinyama kikatwe kipimwe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu kila jeraha kwenye msuli wa mtu mwenye FOP ni mwaliko wa mfupa mpya. Mwaka 2005 ulitoka uchunguzi wa wagonjwa 138: karibu tisa katika kila kumi walikuwa wameambiwa ugonjwa ambao sio, theluthi mbili walikatwa au kuchomwa bila sababu, na karibu nusu walisema wamepoteza mwendo wa viungo moja kwa moja kutokana na mikono ya waliotaka kuwasaidia.

Kwa hiyo hofu ya mumeo ina msingi. Watu wa FOP wameumizwa sana na hospitali. Ila anachokiogopa na anachoombwa kukubali ni vitu viwili tofauti.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Tangu mwaka 1736 daktari wa upasuaji John Freke wa London alieleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye uvimbe mgongo mzima. Lakini kwa karibu karne mbili na nusu kilichoandikwa kwa sehemu kubwa ni mgonjwa mmoja hapa, mwingine kule. Maarufu kuliko wote ni Harry Eastlack wa Philadelphia, aliyefariki kwa nimonia mwaka 1973 akikaribia kutimiza miaka 40. Mwishoni alikuwa hawezi kusogeza chochote isipokuwa midomo, na kabla ya kufa aliomba mwili wake upewe wanasayansi. Mifupa yake iko Mütter Museum, jumba la makumbusho ya tiba hukohuko Philadelphia, mpaka leo, na bado madaktari huenda kuitazama. Mwaka 1993 likachapishwa jambo la maana kuhusu mwendo wa ugonjwa kwa kundi, watu 44, likaonyesha kwamba mfupa una njia zake: huanza nyuma kabla ya mbele, juu kabla ya chini, karibu na kiwiliwili kabla ya mbali. Shingo na mgongo, kisha mabega, kisha viwiko, nyonga, magoti. Ulimi, macho, moyo na msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu haviguswi. Taya haina ratiba.

Mwaka 2006 timu ya Eileen Shore na Frederick Kaplan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania iligundua chanzo: herufi moja tu imebadilika kwenye jeni iitwayo ACVR1. Na karibu wagonjwa wote duniani wana herufi hiyohiyo, mahali hapohapo. Ungetegemea basi ugonjwa uwe na mwendo mmoja kwa wote. Wapi! Kuna mapacha wa kufanana waliochunguzwa, wamezaliwa na vidole gumba vilivyopinda sawasawa, lakini walipokua kila mmoja akawa na mifupa yake tofauti na mwenzake. Jeni ni ileile, maisha ya mwili ni mengine.

Sasa nifike kwenye hoja, kwa sababu wengi wanadhani kufuatilia ni kukaa bure. FOP ina tabia ya kulala. Inaweza kukaa kimya miaka, halafu ikaamka mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2016 yalichapishwa majibu ya wagonjwa 500 au watu wao wa karibu, kutoka kwenye dodoso lililotumwa nchi 45. Asilimia 71 walikuwa wamepata mlipuko wa uvimbe katika miezi 12 iliyotangulia, na zaidi kidogo ya nusu ya milipuko hiyo ilikuja bila kuanguka wala kuumia. Asilimia 70 walisema waliwahi kupoteza uwezo wa kiungo kwa sababu ya mlipuko. Lakini asilimia 32 walisema wamewahi kuona walau mlipuko mmoja ukiisha kabisa. Rudia kuisoma hiyo namba ya mwisho.

Maana yake ni hii. Mtu akikuletea mafuta, majani, vidonge, chochote, ukampa mtoto wakati uvimbe umepanda, kisha ukashuka, utaapa kwamba ni ile dawa. Sisi tuliletewa mafuta ya kuchua na ndugu mwenye nia njema kabisa. Bahati nzuri mama watoto aligoma, maana kuchua msuli wenye mlipuko ni kuutia jeraha juu ya jeraha. Uvimbe ule ulishuka wenyewe. Tungekuwa tumepaka, leo mafuta yale yangekuwa na uzi wake humu jukwaani na watu mia wakiuliza yanapatikana wapi. Kampuni kubwa yenye dawa ya kweli nayo inakabiliwa na tatizo hilohilo: bila kujua ugonjwa unafanya nini ukiachwa, hakuna anayeweza kusema dawa imefanya nini. Mkulima asiye na tuta ambalo halikupuliziwa hana cha kulinganisha.

Mtu atauliza, si wapewe nusu dawa na nusu dawa bandia (kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, cha kulinganishia), kama magonjwa mengine? Imewahi kufanyika kwa FOP, hasa kwa watu wazima. Kwa mtoto ni pagumu. Wagonjwa wenyewe ni wachache duniani, ukiwagawa mafungu hubaki na nini. Na bega lililofungwa kwa mfupa halirudi, kwa sababu ukiukata mfupa huo upasuaji wenyewe unauotesha tena, pengine mkubwa zaidi. Mzazi gani atakubali mwanawe awe upande wa dawa bandia kwa miaka miwili?

Ndiyo ukaanzishwa utafiti mkubwa wa kufuatilia, watu 114 wa nchi mbalimbali, wa miaka 4 hadi 56, wakifuatiliwa hadi miezi 36. Walipimwa mwili mzima kwa CT (mashine ya picha za ndani ya mwili) ya mionzi midogo kila mwaka, mfupa uliozidi ukapimwa kwa ujazo wake. Viungo navyo vilipewa alama kwa kipimo kiitwacho CAJIS: sehemu 15 za mwili, kila moja sifuri, moja au mbili, jumla haizidi 30. Mtoto wa alama 4 bado anakimbia. Mtu wa alama 25 analishwa.

Yaliyotoka humo yalibadilisha mawazo ya watu, mimi nikiwemo. Mfupa mpya huota kwa kasi zaidi kwa watoto na vijana kuliko kwa watu wazima, hivyo miaka anayoanza shule ndiyo miaka yenyewe, na kungoja akue ndipo mfikirie ni kungoja mfupa. Alama za viungo hazisogei sana ndani ya miaka mitatu, ingawa CT inaonyesha mfupa umeongezeka; kwa hiyo dawa ikipimwa kwa kuangalia tu mkono unanyanyuka mpaka wapi, itaonekana haifai hata kama inafaa. Na mfupa unaweza kuota bila mlipuko wowote uliouona. Hili la mwisho lilitugusa nyumbani. Tulikuwa na daftari la milipuko, mke wangu hakuacha kitu, tarehe, mahali, joto, dawa. CT ya mwaka mmoja ikaonyesha mfupa kwenye nyonga ambayo haimo kabisa kwenye daftari. Binti hakulalamika, sisi hatukuona. Bila ule utafiti tungeendelea kuamini kwamba mwaka usio na uvimbe ni mwaka salama.

Mfano wa faida yake, na wa mipaka yake, ni dawa ya palovarotini. Jaribio lake kuu liliwapa dawa washiriki wote, na kundi la ulinganisho lilikuwa walewale waliofuatiliwa bila dawa. Matokeo: mfupa mpya kwa mwaka ulikuwa pungufu kwa asilimia 54 kwa waliotumia dawa. Lakini njia ya kufika hapo ilikuwa na mabonde. Januari 2020 dawa ilisimamishwa kwa sababu hesabu za katikati, zilizopangwa kabla, zilionyesha kwamba haina matumaini. Baadaye ikaonekana kanuni ya hesabu iliyotumika kuchambua takwimu ndiyo iliyoficha tofauti. Wengine walikubali maelezo hayo, wengine hawakukubali. Kanada iliidhinisha dawa Januari 2022, Marekani Agosti 2023, Ulaya ikaikataa mwaka huohuo wa 2023 kwa kutoridhika na ushahidi. Takwimu zilezile, mabaraza tofauti, maamuzi tofauti! Binafsi naona wote walikuwa na hoja. Kundi la ulinganisho lisilopangwa kwa kura lina udhaifu wake, na mtu akikuambia halina anakuuzia kitu.

Dawa hiyo ina jambo jingine la kujua: inaweza kufunga mapema sehemu za mfupa zinazomrefusha mtoto. Ndiyo maana Marekani haitumiki kwa wasichana chini ya miaka 8 wala wavulana chini ya miaka 10. Na hapo tena, utajuaje kwamba mtoto amedumaa kwa dawa na si kwa ugonjwa, kama hakuna aliyewapima urefu watoto wenye FOP wasiotumia kitu?

Nirudi kwa mumeo na panya wake. Panya wa maabara hupewa kitu kisha huangaliwa amekuwaje. Binti yangu hakupewa kitu. Alichofanyiwa ni hiki: kipimo cha CT, kupimwa viungo kwa kuambiwa anyanyue na ageuke mwenyewe, bila kuvutwa, kupimwa pumzi, damu kidogo kutoka kwenye mshipa, na maswali mengi, mengine ya kuchosha. Anaweza kujifunga vifungo? Anachana nywele? Anashuka kitandani peke yake? Mara ya kwanza niliona ni maswali ya kipuuzi. Baada ya muda niligundua kwamba yalikuwa yanatuonyesha kitu kabla hakijawa tatizo, mfano mkono wa kushoto ulivyokuwa unaacha kazi polepole na yeye anahamishia kila kitu kulia. Tukabadilisha meza na mpangilio wa vitu vyake mapema.

Faida nyingine hazimo kwenye fomu yoyote. Kwanza, tulikuwa na watu wa kuwapigia simu. Siku alipoanguka na goti kuvimba, muuguzi wa utafiti ndiye aliyezungumza na daktari wa zamu aliyekuwa tayari na sindano mkononi. Kumbuka, kati ya waliowahi kuchomwa sindano za msuli, robo walisema walipata mlipuko palepale, na wengi wa hao wakaota mfupa. Chanjo zinazoweza kutolewa chini ya ngozi zitolewe chini ya ngozi, wakati hana mlipuko. Pili, walimpima masikio, kwa sababu wengi wenye FOP hupungukiwa usikivu, wakati shuleni walikuwa wamekwisha kumwita mkaidi. Tatu, walitupa barua ya kumpelekea daktari wa meno: asichomwe ganzi ya taya la chini kwa njia ya kawaida, mdomo usipanuliwe kwa nguvu. Taya likijifunga ndiyo mwisho wa kula vizuri, na kwangu hilo ndilo la kuogopwa kuliko kiti cha magurudumu.

Yule mdau wa ukatili nimjibu pia. Utafiti wa kufuatilia haumzuii mtoto kutibiwa. Binti alipopata mlipuko mkubwa alipewa prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe) ya siku chache kama anavyopewa mtoto mwingine yeyote mwenye FOP, nao wakaandika tu kwamba amepewa. Ukikutana na utafiti unaokwambia usimtibu mtoto ili takwimu zisiharibike, huo ukimbie. Sijawahi kuuona, lakini ukimbie.

Kabla hujasaini, haya ndiyo ningeyauliza mimi leo. Je, kuna kukatwa kinyama au sindano yoyote inayoingia kwenye msuli? Jibu lazima liwe hapana, na liwe limeandikwa. CT ngapi kwa jumla, na kwa kiwango gani cha mionzi? Kwa mtoto wa miaka mitano swali hili si la adabu tu, mionzi hujumlishwa maisha yote. Mwambie daktari akueleze kwa kulinganisha na kipimo cha kawaida cha hospitali, na uliza kama picha nyingine yoyote aliyokwisha kupigwa inaweza kutumika. Nani anamiliki takwimu, na wewe utapewa nakala ya picha za mwanao? Sisi tulipewa kwa kuomba, wengine hawakuomba wakakosa. Mtoto akichoka katikati anaruhusiwa kutoka bila kupoteza daktari wake? Nauli na malazi ni juu ya nani? Na dawa mpya ikija, je, kuwemo kwenye ufuatiliaji kunamzuia kuingia kwenye jaribio au kunamtangulizia? Kwa wengine utafiti wa kufuatilia ulikuwa ndio mlango wa jaribio la dawa, kwa hiyo usiridhike na jibu la "tutaona".

Kama umbali utawashinda, kuna daftari la kimataifa la wagonjwa lililoanzishwa mwaka 2015 na IFOPA, chama ambacho mwanamke mwenye FOP mwenyewe, Jeannie Peeper, alikianzisha mwaka 1988. Unajaza ukiwa nyumbani, hakuna CT. Halina uzito wa utafiti wa kupima kwa picha, lakini kwa ugonjwa wa watu wachache namna hii kila mtu mmoja anahesabika kwelikweli, na mwanao ataonekana popote watakapotafuta washiriki.

Kuhusu umri wa kuishi, uliouliza kwenye ujumbe wa pili. Makadirio ya mwaka 2010 yanataja miaka 56 kama umri wa kati, na sababu kubwa ni kifua kukakamaa na kushindwa kupumua vizuri. Usilale na namba hiyo. Imetokana na watu ambao wengi walikatwa, walichomwa, walivutwa viungo kwa mazoezi ya nguvu, na waligunduliwa wamechelewa. Wa kwako ana miaka mitano na tayari unajua cha kukataa. Cha kufanya sasa ni pumzi: muombe daktari apimwe mapafu mapema ili kuwe na kipimo cha mwanzo, na awe na kitu cha kumfanya apulize na kuvuta hewa kila siku. Binti yangu anaimba. Haimbi vizuri, lakini anaimba kwa sauti kubwa, na mtaalamu wa mapafu ameridhika.

Mumeo mwambie anitafute inbox tuongee kiume, sitamlazimisha. Na ile fomu ya ridhaa, ukiipata ipige picha uniletee huko inbox, tutaisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa. Futa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwanza.